Wamormoni: Imani iliyozaliwa Marekani na kuchelewa kubisha hodi Afrika

Huonekana wawili wawili, wakitembea kwa miguu mitaani Nairobi, Mombasa au Eldoret, mashati meupe yamepigwa pasi, tai shingoni na beji nyeusi kifuani. Wengi wao hawajatimiza umri wa miaka 22, lakini kila mmoja hutambulishwa kwa cheo cha "Mzee". Cheo hicho huwachekesha wakazi waliozoea kwamba uzee huja na mvi na mkongojo.

Hao ni wamishonari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao ulimwengu huwajua zaidi kwa jina la Wamormoni. Jina hilo walibandikwa na mahasimu wao katika karne ya 19 kutokana na kitabu chao kitakatifu, nao wakalizoea. Mwaka 2018 aliyekuwa rais wa kanisa hilo, Russell M. Nelson, aliwataka waumini na wanahabari waliache na kulitaja kanisa kwa jina lake kamili. Mazoea hata hivyo yana taabu, na katika makala haya jina fupi litatumika kwa ajili ya wepesi tu.

Kwa Wakenya wengi, habari za Wamormoni zilivuma mwaka 2012. Mwaka huo Rais Barack Obama, ambaye asili ya babake ni Kogelo katika Kaunti ya Siaya, alishindana na Mitt Romney, Mmormoni wa kwanza kupeperusha bendera ya chama kikuu katika uchaguzi wa urais Marekani. Mengi yaliyosemwa wakati huo, hasa kuhusu ndoa za wake wengi, yalikuwa nusu kweli na nusu uvumi.

Lipo swali moja ambalo halikuulizwa sana. Kanisa hili liliundwa mwaka 1830. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na baada yake Waanglikana, Wakatoliki, Wapresbiteri na Wakweka wakajenga shule na hospitali katika pembe nyingi za nchi. Mwaka huo huo wa 1844, wahubiri wa Kimormoni walikuwa tayari wamefika visiwa vya Pasifiki. Mbona basi hawakusajiliwa nchini Kenya hadi mwaka 1991?

Jibu limo katika historia yao, na hasa katika fundisho moja linalowatofautisha na makanisa mengi: kwamba Mungu hajamaliza kusema, na kwamba aliyeagiza jambo jana aweza kuagiza jingine leo kupitia kinywa cha nabii aliye hai.

Mwasisi wa imani hii, Joseph Smith, alizaliwa Desemba 23, 1805, katika jimbo la Vermont. Babake alikuwa mkulima ambaye mambo yalimwendea kombo mara kwa mara. Familia ilihamia karibu na Palmyra, jimbo la New York, eneo lililokuwa likifukuta kwa mikutano ya uamsho, Wamethodisti, Wabatisti na Wapresbiteri wakigombania nafsi zile zile. Kwa maelezo yake mwenyewe, Smith alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingia kichakani kuomba aonyeshwe kanisa la kweli. Alisimulia kwamba Mungu Baba na Yesu Kristo walimtokea, wakamwambia asijiunge na kanisa lolote kati ya hayo.

Mwaka 1823, alisema, malaika aitwaye Moroni alimjia usiku na kumweleza kuhusu mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa katika kilima kilichokuwa karibu na kwao. Aliruhusiwa kuyachukua mwaka 1827. Smith, aliyekuwa na elimu ndogo, akaanza kutamka maneno ya tafsiri huku wengine wakiandika. Mara nyingi aliweka jiwe dogo ndani ya kofia, akaiinamia na kusoma kile alichodai kukiona humo. Kanisa lenyewe lilichapisha picha ya jiwe hilo mwaka 2015, jambo lililowashtua waumini ambao hawakuwa wamewahi kufunzwa habari zake.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa mkulima mwenye mali, Martin Harris. Mwaka 1828 alimsihi Smith amwachie kurasa 116 za kwanza akamwonyeshe mkewe, ambaye hakuwa na imani na shughuli hiyo. Kurasa zikapotea na hazijapatikana hadi leo. Harris hakukata tamaa. Aliweka rehani shamba lake ili kugharamia uchapishaji wa nakala 5,000, na Machi 1830 Kitabu cha Mormoni kikaanza kuuzwa Palmyra.

Kitabu hicho, ambacho sasa kinapatikana hata kwa Kiswahili, kinasimulia habari za familia ya nabii Lehi iliyotoka Yerusalemu takriban miaka 600 kabla ya Kristo na kuvuka bahari hadi Amerika. Wazao wake wakagawanyika kuwa Wanefi na Walamani, wakapigana kwa karne nyingi. Kilele chake ni Yesu kuwatembelea watu hao baada ya kufufuka. Mormoni ndiye nabii aliyekusanya kumbukumbu hizo, na Moroni, mwanawe, ndiye aliyezifukia.

Wanahistoria wasio wa imani hiyo hukichukulia kuwa zao la Amerika ya karne ya 19. Uchimbuaji wa mambo ya kale haujathibitisha simulizi hiyo, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa wenyeji wa asili wa Amerika walitokana hasa na watu wa Asia. Mwaka 2007 ilibainika kuwa kanisa lilikuwa limebadilisha neno katika utangulizi wa kitabu hicho. Walamani, ambao awali walitajwa kuwa mababu wakuu wa wenyeji hao, sasa wanatajwa kuwa miongoni mwa mababu wao. Kwa waumini, hata hivyo, ushahidi wa kitabu haumo katika magofu bali katika sala ya anayekisoma, na hilo ndilo jambo ambalo wamishonari humwomba mwenyeji wao alijaribu.

Kanisa liliundwa rasmi Aprili 6, 1830, Fayette, New York. Waumini walihamia Ohio, kisha Missouri, na kila walikofika uhasama uliwafuata. Chuki hiyo haikutokana na mafundisho pekee. Wamormoni walinunua ardhi kwa pamoja, wakafanya biashara wenyewe kwa wenyewe na kupiga kura kama kambi moja, jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa uzito wake. Oktoba 27, 1838, Gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba wafukuzwe jimboni ama waangamizwe. Siku 3 baadaye watu 17 wa jamii hiyo waliuawa katika kijiji cha Haun's Mill. Amri hiyo ilibaki katika kumbukumbu za serikali ya jimbo hadi ilipofutwa mwaka 1976.

Wakakimbilia Illinois na kujenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi. Smith alikuwa nabii, meya na jenerali wa jeshi la mji kwa wakati mmoja, na mwaka 1844 alitangaza kuwania urais wa Marekani. Kilichomwangusha ni gazeti. Juni 7 mwaka huo, watu waliojitenga naye walichapisha toleo la kwanza la Nauvoo Expositor, wakifichua kuwa viongozi walikuwa wakioa wake wengi kwa siri. Baraza la mji, Smith akiwa meya, liliamuru mtambo wa uchapishaji uharibiwe. Alikamatwa, na Juni 27, 1844, kundi la watu wenye bunduki likavamia jela ya Carthage na kumuua pamoja na kakake Hyrum. Gazeti hilo halikuchapishwa tena, lakini lililosema lilikuwa kweli. Mwaka 2014 kanisa lilikiri hadharani kwamba Smith alioa wake kati ya 30 na 40, mmoja wao akiwa hajafikisha umri wa miaka 15.

Kifo chake kiliwagawanya wafuasi. Wengi walimfuata Brigham Young, seremala aliyekuwa mkuu wa Mitume Kumi na Wawili. Mwaka 1846 walianza safari ndefu kuelekea magharibi, na Julai 24, 1847, Young akawasili katika bonde la Ziwa la Chumvi, nyika kame ambayo hakuna mlowezi mwingine aliyeitamani. Hapo ndipo ulipojengwa mji wa Salt Lake City, ambao hadi leo ni makao makuu ya kanisa. Maelfu walifuata, wengi kutoka Uingereza na Skandinavia. Waliokosa nauli ya magari ya kukokotwa na wanyama walisukuma mikokoteni kwa mikono, na mwaka 1856 zaidi ya 200 kati yao walifariki kwa baridi na njaa njiani.

Waliodhulumiwa nao hawakukosa kudhulumu. Septemba 11, 1857, wanamgambo wa Kimormoni waliuzingira msafara wa wahamiaji waliokuwa wakielekea California, mahali paitwapo Mountain Meadows, wakawaahidi usalama, kisha wakawaua takriban 120. Watoto wadogo pekee ndio walioachwa hai. Ni mtu 1 tu, John D. Lee, aliyehukumiwa na kuuawa kwa kosa hilo, na hilo lilitokea miaka 20 baadaye.

Huko Utah ndoa za wake wengi zilitangazwa waziwazi mwaka 1852. Serikali ya Marekani ilipambana nazo kwa sheria kali. Wanaume walifungwa jela, na mwaka 1887 Bunge likapitisha sheria ya kulivunja kanisa kisheria na kutwaa mali yake. Mnamo 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, akatangaza kuwa ndoa hizo zikome, akieleza kwamba Mungu alikuwa amemwonyesha yatakayowapata waumini iwapo wangeendelea. Miaka 6 baadaye Utah ikakubaliwa kuwa jimbo kamili.

Leo Mmormoni anayeoa mke wa pili hutengwa na kanisa. Wanaoendelea na desturi hiyo ni makundi yaliyojitenga. Mashuhuri zaidi ni lile la Warren Jeffs, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Texas mwaka 2011 kwa kuwanajisi watoto aliodai kuwaoa. Hapa Kenya mambo yamegeuka kinyume kabisa na uvumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamruhusu mwanamume kuoa wake wengi chini ya mila, lakini kanisa hili halimbatizi mtu aliye katika ndoa ya aina hiyo.

Kimafundisho, Wamormoni wanajiita Wakristo, nao humkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi. Tofauti huanzia kwenye Utatu. Wao hufundisha kuwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi 3 zilizo mbali mbali, zenye umoja wa nia tu, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Hufundisha pia kwamba kila mtu aliishi kama roho mbele za Mungu kabla ya kuzaliwa, na kwamba wanadamu waaminifu wanaweza hatimaye kufanana na Mungu mwenyewe. Kwa sababu kama hizo Vatikani iliamua mwaka 2001 kuwa ubatizo wa Wamormoni si halali, na Mmormoni anayetaka kuwa Mkatoliki hubatizwa upya.

Juu ya Biblia wameongeza vitabu 3: Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Watoto hubatizwa wakiwa na miaka 8. Jehanamu haina nafasi kubwa katika mahubiri yao, kwani karibu kila mtu atapata mojawapo ya falme 3 za utukufu, ya juu kabisa ikiitwa selestia.

Kuna amri moja ambayo humpa Mkenya shida kuliko zote. Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, linakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Katika nchi ambayo mgeni hakaribishwi bila kikombe cha chai ya maziwa, na ambako majani chai ya Kericho na kahawa ya Nyeri vimesomesha vizazi, kukataa kikombe ni kama kukataa ukarimu wenyewe. Waumini wa humu nchini wamezoea kuomba soya ama maji ya moto, na kueleza upya kila wanapotembea.

Mapadri wa kulipwa katika makanisa ya mitaani hawapo. Askofu wa Kimormoni huwa ni mwalimu, mhasibu au fundi anayehudumu bila mshahara kwa miaka kadhaa, kisha kurudi kiti cha nyuma. Romney mwenyewe aliwahi kuwa askofu wa aina hiyo. Kila muumini hutarajiwa kutoa zaka ya asilimia 10 ya mapato yake, na mara moja kwa mwezi hufunga milo 2 na kutoa thamani yake kwa wahitaji. Zaka hizo zimelijenga kanisa tajiri mno. Mwaka 2023 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ililitoza kanisa na kampuni yake ya uwekezaji faini ya jumla ya dola milioni 5 kwa kuficha ukubwa wa uwekezaji wao nyuma ya kampuni nyingine.

Jambo lililo karibu zaidi na fikra za Kiafrika ni uhusiano na waliokufa. Wamormoni huamini kuwa aliyefariki bila kusikia injili hii anaweza kubatizwa kwa niaba yake na jamaa aliye hai, na roho yake ina hiari ya kukubali au kukataa. Ndiyo sababu kanisa limekusanya kumbukumbu nyingi mno za nasaba duniani, na Afrika limetuma watu kuwarekodi wazee wanaozijua koo zao kwa kichwa. Desturi hiyo pia imezua uchungu. Wayahudi walilalamika vikali walipogundua kwamba jamaa zao waliouawa na Wanazi walikuwa wamebatizwa hivyo, na mwaka 1995 kanisa likakubali kukomesha jambo hilo.

Ibada hizo hufanyiwa hekaluni, si katika kanisa la kawaida la Jumapili. Na ni katika mlango wa hekalu ambapo swali la Afrika linapata jibu.

Mwanzoni Weusi hawakuzuiwa. Mwaka 1836 mwanamume Mweusi, Elijah Able, alitawazwa katika ukuhani, ambao kwa Wamormoni hupewa karibu kila mwanamume mwaminifu. Mwaka 1843 mwanamke Mweusi huru kutoka Connecticut, Jane Manning, alifunga safari na jamaa zake kuelekea Nauvoo. Walipokataliwa kupanda meli kwa sababu ya rangi yao, walitembea takriban kilomita 1,300 hadi viatu vikaisha na nyayo zikatoka damu. Smith aliwapokea, na Jane akaishi na kufanya kazi nyumbani kwake.

Mambo yalibadilika chini ya Young. Mwaka 1852 alitangaza kuwa watu wenye asili ya Afrika hawawezi kupewa ukuhani. Laana ya Kaini ilitajwa kuwa sababu, hoja ambayo wakati huo ilitumiwa na Wakristo wengi wa Marekani kutetea utumwa. Marufuku hayo yaliwafungia pia wanaume na wanawake Weusi ibada za juu za hekalu. Jane, ambaye sasa aliitwa Jane James, aliandika na kuomba kwa miaka mingi aruhusiwe. Jibu alilopata mwaka 1894 lilikuwa kuunganishwa na familia ya Smith milele kama mtumishi, na hata kwa ibada hiyo mtu mwingine alisimama kwa niaba yake. Alifariki mwaka 1908.

Athari zake kwa bara hili zilikuwa wazi. Kanisa ambalo kila shirika lake huongozwa na wenyeji wenye ukuhani halingeweza kustawi mahali ambapo hakuna mwenyeji aliyeruhusiwa kuupokea. Afrika Kusini, ambako wahubiri walifika mwaka 1853, walijishughulisha na Wazungu. Hata hao, hadi mwaka 1954, walitakiwa kuthibitisha kwa nasaba kuwa mababu zao wote walitoka nje ya Afrika kabla ya kutawazwa.

Ajabu ni kwamba Waafrika hawakusubiri kualikwa. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960, watu wa Nigeria na Ghana waliosoma vitabu vya kanisa hilo walianzisha makusanyiko yao wenyewe, wakaandika barua Salt Lake City kuomba wabatizwe. Nchini Ghana, Joseph William Billy Johnson alihubiri Kitabu cha Mormoni tangu 1964 bila yeye mwenyewe kuwa amebatizwa. Mpango wa kutuma wamishonari Nigeria uligonga mwamba baada ya makala ya gazeti moja la huko mwaka 1963 kufichua marufuku dhidi ya Weusi, na serikali ikawanyima viza.

Juni 1978 rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, alitangaza kupokea ufunuo kwamba kila mwanamume anayestahili anaweza kupewa ukuhani bila kujali rangi. Novemba mwaka huo wamishonari walikuwa Nigeria, na Anthony Obinna, aliyekuwa amesubiri kwa miaka kadhaa, akabatizwa Novemba 21. Mwaka uliofuata ibada za hekalu alizonyimwa Jane James akiwa hai zilifanywa kwa niaba yake, miaka 71 baada ya kifo chake.

Ilichukua muda zaidi kwa kanisa kusema lolote kuhusu sababu zilizokuwa zikitolewa. Katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 2013 lilizikana nadharia zote kwamba ngozi nyeusi ni dalili ya laana. Halijasema kwamba marufuku yenyewe yalikuwa kosa, na hapo ndipo wakosoaji hulikaba koo: ikiwa nabii huongozwa na Mungu, ni nani aliyekuwa akisema kwa miaka hiyo 126? Waumini hujibu kwamba manabii pia ni binadamu, jibu ambalo huwatosha baadhi na wengine haliwatoshi.

Nchini Kenya kanisa lilisajiliwa Februari 1991. Miongoni mwa Wakenya wa kwanza kujiunga nalo alikuwa Joseph Sitati, mhandisi mzaliwa wa Bungoma aliyebatizwa mwaka 1986. Alikuwa rais wa kigingi cha kwanza, yaani dayosisi kwa lugha yao, kilipoundwa Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa duniani, Mwafrika Mweusi wa kwanza kufikia ngazi hiyo.

Kwa miaka mingi Wakenya waliotaka ibada za hekalu walilazimika kusafiri hadi Johannesburg, gharama ambayo wengi hawakuimudu. Hekalu la Nairobi lilitangazwa mwaka 2017 na kuwekwa wakfu Mei 2025. Kabla ya siku hiyo umma uliruhusiwa kuingia na kutazama. Sasa anayeingia ni muumini mwenye kibali cha askofu wake pekee, na wengi huja wakiwa na karatasi yenye majina ya babu na nyanya waliofariki kabla ya mmishonari yeyote wa Kimormoni kukanyaga nchi hii.